Kumbe chama ndicho kinachompa mtu useneta?

SWALI: Shikamoo Mama. Nakuandikia kutoka Aurora, Colorado. Kwetu ni Kasulu, Kigoma. Mwaka huu nimepata uraia wa Marekani na nimeshajiandikisha kupiga kura. Kazini kwetu, kwenye ghala la mizigo, kuna mzee mmoja mpenzi wa bunduki ambaye hachoki kutuambia kwamba mwaka 2013 seneta wa bunge la Colorado kutoka upande wa mji wa Arvada alijiuzulu ili kukwepa kura ya kung'olewa, kisha wenzake wa chama wakajifungia chumbani wakampa kiti mtu wao. Anasema wananchi waliibiwa. Sisi tumezoea mbunge wa jimbo akifariki au akijiuzulu, tunarudi kwenye masanduku ya kura. Je, habari hii ni ya kweli? Ni halali? Na mtu kama mimi anaweza kuingia kwenye hicho chumba? – Msomaji, Aurora.

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana kwa uraia. Habari hiyo ni ya kweli, na sheria iliruhusu. Hakuna aliyeiba kitu. Hata hivyo mzee wako ana hoja. Mimi nilikuwa nikiishi Arvada wakati ule, na simshangai kuona bado ana kinyongo.

Chanzo chake kiko hapo hapo mjini kwako. Usiku wa Julai 20, 2012, mtu mwenye silaha aliingia kwenye ukumbi wa sinema Aurora akaua watu 12. Desemba mwaka huo huo, huko Newtown, Connecticut, wakauawa watoto 20 na watu wazima sita ndani ya shule ya msingi ya Sandy Hook. Wakati huo Wademokrati walikuwa wameshika mabaraza yote mawili ya bunge la Colorado, na gavana, John Hickenlooper, alikuwa wao. Machi 20, 2013, akatia saini sheria kadhaa za silaha. Mbili ndizo zilizowasha moto. Moja ilisema kila anayenunua bunduki akaguliwe rekodi zake kwanza, hata kama anainunua kwa mtu binafsi. Nyingine ilizuia kuuza magazini zinazobeba zaidi ya risasi 15.

Wenye bunduki walilivalia njuga jambo hilo. Katiba ya Colorado imewapa wananchi haki ya kumng'oa kiongozi katikati ya muhula tangu mwaka 1912, ila mpaka wakati huo hakuna mbunge wa bunge la Colorado aliyewahi kung'olewa. Septemba 10, 2013, waling'olewa wawili siku moja: John Morse wa Colorado Springs, ambaye ndiye aliyekuwa Rais wa Seneti, na Angela Giron wa Pueblo. Morse aliponyokwa kwa kura chache sana. Kwa Giron pengo lilikuwa kubwa, na Pueblo ni mji ambao Wademokrati walikuwa wakiuhesabu kama nyumbani kwao. Viti vyote viwili vikaenda kwa Warepublikani. Seneti iliyokuwa na Wademokrati 20 kwa Warepublikani 15 ikabaki 18 kwa 17. Hapo ikawa ukipoteza kiti kimoja tu, umepoteza Seneti nzima.

Wenye bunduki wakamgeukia Evie Hudak, Mdemokrati, seneta wetu wa Arvada na Westminster. Mwaka 2012 alikuwa ameshinda kwa kura zisizofika 600, kwa hiyo kila mtu alijua anang'oleka.

Vuli ile ukienda dukani kununua mkate unakuta mlangoni meza ya kukusanya saini za kuitisha kura ya kumng'oa. Pale nilipokuwa nikinunua mimi alisimama baba mmoja mwenye koti zito na ubao wa kuandikia, kalamu imefungwa kwa uzi ili isiondoke na mtu. Swali lake lilikuwa moja: umejiandikisha kupiga kura Jefferson County? Hatua chache kutoka kwake alisimama dada mwenye vipeperushi, akimwambia kila anayepita asitie saini. Mimi nilikuwa na green card tu, saini yangu haikuwa na kazi kwa yeyote kati yao, lakini wote wawili walizungumza nami kwa heshima. Yule baba aliniambia ana mabinti watatu na hataki serikali imchagulie namna ya kuwalinda. Yule dada naye akasema ni mwalimu, na tangu Sandy Hook kila akifungua mlango wa darasa anatazama kwanza madirisha. Nilirudi nyumbani nikiwa nimewaamini wote wawili. Kwa upande wangu, sheria ya kukagua rekodi niliiunga mkono na bado naiunga mkono.

Saini zilizotakiwa zilikuwa karibu 19,000, na kazi ya kuzikusanya ilikuwa bado inaendelea. Novemba 27, Hudak akajiuzulu. Alisema anazilinda sheria zile za silaha, na pia anawaepusha wananchi wa Jefferson na gharama ya uchaguzi maalumu, zaidi ya dola 200,000.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye jibu lako. Colorado kura ya kumng'oa mtu ina maswali mawili kwenye karatasi moja: aondoke au abaki, na akiondoka, nani achukue nafasi yake. Mrepublikani angeweza kuchukua kiti siku hiyo hiyo, kama ilivyotokea Pueblo na Colorado Springs. Lakini seneta akijiuzulu mwenyewe kabla ya kura, kiti kinahesabiwa kuwa wazi tu, sawa na cha mtu aliyefariki au aliyehama. Na kiti kilicho wazi, kwa sheria ya huku, hujazwa na kamati ya chama kilichokuwa nacho. Desemba kamati ya Wademokrati ikamchagua Rachel Zenzinger, aliyekuwa diwani wa Arvada. Seneti ikabaki 18 kwa 17. Sheria za silaha zikabaki.

Usidhani ni mambo ya Marekani peke yake. Kwetu Tanzania pia mbunge wa viti maalumu akiondoka hakuna anayefungua sanduku la kura. Unakumbuka mwaka 2017 chama cha CUF, upande wa Profesa Lipumba, ilipowavua uanachama wabunge wanane wa viti maalumu? Nafasi zao zikajazwa kwa majina mapya ya chama hicho hicho, na maisha yakaendelea. Tofauti ni kwamba viti maalumu tangu mwanzo ni vya chama. Kiti cha Hudak kilikuwa cha eneo la uchaguzi lenye watu zaidi ya 140,000, na wapiga kura wake walimchagua yeye kwa jina lake.

Ndiyo maana nasema mzee wako ana hoja. Kamati ile ni watu wachache wanaoenea kwenye ukumbi mmoja. Najua hoja ya upande wa pili: waliomchagua Hudak walichagua Mdemokrati kwa miaka minne, na kikundi chenye fedha na hasira hakipaswi kuwanyang'anya katikati. Fedha kweli zilimwagika kwenye zile kura mbili za Septemba. Chama cha wenye bunduki, NRA, kilitoa mamia ya maelfu ya dola, na Michael Bloomberg, aliyekuwa meya wa New York, alitoa dola 350,000 kuwatetea maseneta. Bado, kwangu mimi, ukishaona wananchi wamejipanga kuuliza swali, unawaachia waulize, na unasimama mbele yao kuitetea sheria yako. Sheria ile ilikuwa na watetezi. Nilimwona mmoja wao pale dukani, kwenye baridi.

Mzee wako labda hakukumalizia hadithi. Kamati haikumpa Zenzinger kiti kwa muhula wote uliobaki, alikikalia mpaka uchaguzi mkuu uliofuata tu. Novemba 2014 Zenzinger akasimama mbele ya wapiga kura, akashindwa na Laura Woods, Mrepublikani aliyeungwa mkono na Rocky Mountain Gun Owners, kundi la wenye bunduki wasiotaka maelewano hata na NRA. Warepublikani wakaichukua Seneti. Mwaka huo huo viti vya Pueblo na Colorado Springs vikarudi kwa Wademokrati. Mwaka 2016 Zenzinger naye akamshinda Woods. Na ile sheria ya magazini? Ipo. Mahakama ya Juu ya Colorado iliithibitisha mwaka 2020.

Tena Warepublikani nao wanaingia kwenye chumba hicho hicho. Mwaka 2014, kabla ya kukutana na Zenzinger, Woods alimshinda kwenye mchujo wa chama Lang Sias, ambaye ndiye aliyepigana na Hudak mwaka 2012. Mapema 2015 mbunge wa Arvada katika baraza la chini, Libby Szabo, akahamia kwenye kiti cha kamishna wa Jefferson County, nacho kilikuwa wazi na kikajazwa na kamati ya chama. Hivyo kiti chake bungeni kikabaki wazi. Kamati ya Warepublikani ikampa nani? Lang Sias. Mtu ambaye wapiga kura walimkataa 2012, na wanachama wa chama chake wakamkataa 2014, akaingia bungeni 2015. Yote halali. Mwambie mzee wako na hilo, kwa upole.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo ndilo limenifurahisha zaidi. Ndiyo, unaweza kuingia. Kamati hizi kwa kawaida hujaa viongozi wa chama wa ngazi ya mtaa, na hao huchaguliwa kwenye mikutano ya mitaa ya vyama, ambayo kwa kawaida hufanyika Machi ya kila mwaka wenye uchaguzi mkuu, yaani 2026, 2028 na kuendelea. Watu ni wachache, viti vya plastiki, mara nyingi ni kwenye bwalo la shule. Nafasi ya kiongozi wa mtaa mara nyingi haigombewi kabisa. Anayekubali anapewa.

Ila angalia ulivyojiandikisha. Wengi wetu tukipata uraia tunajaza kwamba hatuna chama, tukiogopa makundi. Ukiwa hivyo, Colorado inakuletea kura za mchujo nyumbani, lakini mkutano wa mtaa huruhusiwi kushiriki. Inabidi uwe umejiandikisha chini ya chama hicho wiki kadhaa kabla. Kubadilisha ni kazi ya dakika chache kwenye tovuti ya serikali ya Colorado, au nenda kwa karani wa kaunti yako na kitambulisho. Aurora imegawanyika kati ya Arapahoe, Adams na kipande cha Douglas, kwa hiyo hakikisha kwanza nyumba yako iko kaunti gani.