Mwanangu, usiiache wafarini

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza: "Mama, mapigo yametulia, moyo hauendi mbio tena. Kwa nini niendelee kumeza wafarini na kutolewa damu kila mwezi na umri wangu huu wa miaka 26?" Swali lako ni la haki. Sikutaka kulijibu kwa simu ukiwa ndani ya daladala, ndiyo maana nakuandikia.

Wafarini ni dawa ya kuzuia damu isigande; hukupewa ili moyo utulie. Kazi hiyo ni ya kile kidonge kingine cha asubuhi. Vyumba vya juu vya moyo vikitetemeka badala ya kusukuma, damu hutuama humo kama maji ya mtaro ulioziba, na ikituama huganda. Bonge likichomoka likapanda kichwani, hapo ndipo kiharusi kinapotokea. Tena mapigo yanaweza kuvurugika usiku umelala, asubuhi ukaamka yako sawa na usijue kitu. Kwa hiyo usipimie usalama wako kwa unavyojisikia, mama.

Halafu wapo vijana wenye mapigo kama yako ambao valvu zao, yaani vile vilango vya kupitishia damu ndani ya moyo, ni nzima, hawana presha wala kisukari, na daktari huwaambia hawahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda. Wewe usijilinganishe nao. Kwako yote yalianza na ile valvu iliyobana, kovu la homa ya baridi yabisi iliyofuata mafindofindo ya utotoni. Mwenye valvu iliyobana hivyo huihitaji dawa hata akiwa kijana. Ndiyo sababu pia ya ile sindano ya penisilini ya kila mwezi: homa isirudi ikaongeza kovu.

Ulinieleza kuwa baba wa mwenzako kazini anatumia vidonge vipya visivyodai kipimo cha INR, kile cha damu kinachoonyesha inachukua muda gani kuganda. Vipo, na vinawafaa wengi. Lakini mwaka 2022 ulitoka utafiti mkubwa wa wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, wote wenye mapigo yaliyovurugika na moyo ulioharibiwa na homa hiyo hiyo. Walilinganisha kidonge kimoja kati ya hivyo vipya na dawa za kundi la wafarini. Waliokuwa upande wa wafarini walikufa wachache zaidi. Mimi nikisikia hivyo, sioni tena sababu ya kukuonea huruma kwa ajili ya kutolewa damu.

Najua kutoka Mbezi alfajiri kuwahi kliniki Muhimbili kunachosha, na ruhusa kazini ni ya kuomba kwa unyenyekevu. Nenda hivyo hivyo. INR yako inatakiwa iwe kati ya 2 na 3. Ikishuka damu inaganda, ikipanda sana unaweza kutokwa damu. Matembele, mchicha na kisamvu kula, ila kwa kiasi kile kile wiki hadi wiki, si kuacha mwezi mzima kisha ukashinda navyo. Ukisahau kidonge, kimeze siku hiyo hiyo ukikumbuka. Kesho usimeze viwili. Na duka la dawa la mtaani usinunue aspirini, diklofenaki wala metronidazoli kabla hujawaambia kuwa unatumia wafarini. Dawa za mitishamba za shangazi yako nazo ziache, hata akinuna.

Sasa lile ambalo hukuuliza, lakini naliona linakuja kwa kuwa posa imeshaletwa. Wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi mitatu ya mwanzo. Hiyo haina maana usizae, wala haina maana uiache kimyakimya ukijiandaa kuolewa. Maana yake ni kwamba daktari ajue kabla ya mimba, apange kukubadilishia dawa na aitazame hiyo valvu, kwa sababu ujauzito huongeza damu mwilini na moyo uliobanwa hulemewa. Wengine hupanuliwa valvu kwanza, ndipo washike mimba. Mchumba wako naye aelezwe haya kabla ya ndoa, na umweleze wewe mwenyewe, asije akayasikia kwa mawifi.

Kliniki ijayo tutakwenda wote. Mlete na yeye akikubali. Habari ya mtoto mwulize daktari wewe. Mimi nitakaa pembeni niandike atakayosema.

Mama yako
Tabata, Dar es Salaam