Mama anapaliwa na uji baada ya kiharusi

Pole, dada. Umeuliza kwa nini mama, hapo Wete, anapaliwa kila akinyweshwa uji tangu apooze upande wa kulia. Kiharusi hudhoofisha na misuli ya koo, si mkono na mguu tu. Mpelekeni hospitali wamwangalie anavyomeza. Kwa sasa asilishwe amelala, hata kama bibi mkubwa wa nyumba anamwonea huruma! Akae wima, kidevu kiiname kidogo, uji uwe mzito, kijiko kidogo kipite kushoto, na asubiriwe ameze. Kisha mchungulie shavu la kulia. Chakula hujificha humo. Maji matupu ndiyo humpalia mtu upesi zaidi. Sauti ikiwa ya majimaji, acheni kumlisha. Homa au kifua kukoroma, hospitali siku hiyohiyo.