Kampuni ya Bima Inadai au Inadaiwa?

Swali: Katika taarifa ya fedha ya kampuni moja ya bima nimesoma hivi: "Kufikia mwisho wa mwaka, kampuni inadai deni bora la hatifungani la milioni 100, lenye thamani ya haki ya milioni 97.2." Je, "thamani ya haki" ni Kiswahili sahihi, au ingefaa "thamani halisi"? Haki inaingiaje kwenye deni?

Jibu: Haki nitaifikia. Lakini yako maneno mawili yaliyoitangulia ambayo siwezi kuyapita kimya: "bora" na "inadai".

Hilo "deni bora" nimekutana nalo mara nyingi mno, na kila mara damu hunichemka. Neno la Kiingereza lililofasiriwa hapo, "outstanding", lina maana mbili tofauti kabisa: kitu kilichowapita wenzake kwa ubora, na jambo ambalo bado halijamalizwa. Mfasiri, awe mtu au mashine, ameokota maana ya kwanza akaibandika penye ya pili. Waswahili husema dawa ya deni kulipa. Kinachotafutiwa dawa ni maradhi, na sijasikia mtu akisifu maradhi kuwa ni bora. Andika "deni ambalo halijalipwa", au "salio la deni" kama sehemu yake imekwisha kulipwa. Mara nyingi hata hayo hayahitajiki, maana deni likishalipwa lote si deni tena.

"Inadai" ni balaa kubwa zaidi. "Deni" na "dai" husikika kama ndugu wa tumbo moja, lakini katika Kiarabu asili zake ni mbili: deni ni *dayn*, na dai limetoka upande wa *da'wa*, ulikotoka pia "daawa" wa mahakamani. Anayedai anataka apewe. Anayedaiwa ndiye wa kutoa. Tofauti yao ni kiambishi kimoja kidogo cha kutendwa, na mwandishi akikidondosha, milioni 100 zinahama kutoka mfuko mmoja hadi mwingine. Sentensi uliyoileta inasema kampuni inangoja kulipwa, ilhali kampuni ndiyo iliyouza hatifungani, yaani hati za mkopo, ikachukua fedha za watu, na ndiyo itakayozirudisha pamoja na riba.

Kwenye biashara nyingine msomaji angeweza kubahatisha. Kwenye bima hawezi, kwa sababu kampuni ya bima inadai na kudaiwa kila upande. Inawadai wateja na mawakala ada za bima ambazo hazijawasilishwa. Inazidai kampuni za bima mtawanyo, yaani zile zinazozikatia bima kampuni za bima, sehemu yao ya hasara. Wakati huohuo wenye bima wanaidai fidia, na huko ndiko hasa neno "madai" lilikoweka makao: ukurasa mzima wa taarifa unaweza kuwa na madai yaliyopokelewa, yaliyolipwa na yaliyokataliwa. Halafu ndio wanakuja wenye hatifungani, ambao hawana uhusiano wowote na ajali wala moto; wao ni wakopeshaji tu. Ukiandika "madeni ya kampuni" na kunyamaza, hujasema lolote. Ya nani kwa nani?

Tena "inadaiwa" nayo inataka uangalifu. Ukiandika "kampuni inadaiwa kukopa milioni 100", umegeuka mwandishi wa habari za mahakamani: msomaji ataelewa kuwa ni tuhuma, na kwamba huenda kampuni haikukopa. Mtaje mdai waziwazi: "kampuni inadaiwa milioni 100 na wenye hatifungani". Lugha yetu ilikuwa na mwia (anayedai) na mwiwa (anayedaiwa), maneno mawili mafupi yasiyochanganyika na tuhuma, tukayaacha yafe. Wachache bado husema "nawiwa", na nafurahi kila nikiwasikia.

Sasa thamani ya haki. Silipendi jina hili, lakini nimekubali kuishi nalo. Haki huleta picha ya hakimu na mtu anayestahili kitu, na hapa hakuna anayestahili wala anayedhulumiwa. Kiwango cha 13 cha viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, kilichotolewa 2011 na kuanza kutumika 2013, kinaeleza jambo la kawaida kabisa: ni bei ambayo mali ingeuzwa, au deni lingehamishiwa kwa mwingine, siku ya kupima, kati ya watu wa sokoni wasioshurutishwa. Tuseme hatifungani ya milioni 100 ina riba ya asilimia 5 na imebaki mwaka mmoja iive, yaani ifike siku ya kulipwa. Itakapoiva italeta 105. Riba sokoni ikiwa imepanda hadi asilimia 8, hakuna atakayetoa 100 leo ili apate 105 mwakani, atatoa 97.2 hivi. Hapo ndipo tarakimu ya taarifa yako ingeweza kutoka.

"Thamani halisi" unayoipendekeza naikataa kwa nguvu. Halisi ni kinyume cha bandia, kwa hiyo ile 100 itaonekana ya uongo. Si ya uongo hata kidogo. Siku ya kuiva kampuni haiwezi kumwambia mwenye hatifungani kwamba deni halisi ni 97.2, basi apokee hizo aondoke. "Thamani ya soko" ni jina zuri panapokuwa na soko, ila hatifungani nyingi haziuzwi kila siku, na wahasibu hukadiria kwa kukokotoa kama nilivyofanya hapo juu. Basi "thamani ya haki" ibaki, mradi ielezwe mara moja inapotajwa kwanza.

Hiyo sentensi ningeiandika hivi: "Kufikia mwisho wa mwaka, kampuni ilikuwa inadaiwa milioni 100 na wenye hatifungani, thamani ya haki ya deni hilo, yaani bei ambayo lingehamishiwa kwa mwingine siku hiyo, ilikuwa milioni 97.2."