Hartlepool: ngome iliyoponyoka na kurudi

SWALI: Hartlepool, kaskazini mashariki mwa Uingereza, ilikuwa ngome ya chama cha Labour. Walipotezaje kiti hicho cha ubunge mwaka 2021?

JIBU: Labour walilishika eneo hilo tangu 1964. Peter Mandelson alikuwa mbunge wake kuanzia 1992 hadi 2004. Nyufa zilionekana mapema: katika kura ya maoni ya 2016, karibu asilimia 70 ya wapiga kura wa huko walitaka Uingereza ijitoe Umoja wa Ulaya (Brexit).

Watu wengi husahau uchaguzi wa 2019. Labour walishinda kwa kura 3,595 tu, na sababu ni hesabu: chama cha Conservative kilipata takriban asilimia 29, na chama cha Brexit, kilichotaka kujitoa huko na ambacho mgombea wake alikuwa Richard Tice, asilimia 26. Wapinzani waligawana kura, Labour wakapenya katikati kwa asilimia 38 hivi. Mbunge wa Labour alijiuzulu, ukaitishwa uchaguzi mdogo wa Mei 6, 2021. Tice hakugombea, na kura nyingi za upande wake zikahamia kwa Jill Mortimer wa Conservative, aliyeshinda kwa tofauti ya kura 6,940. Labour walilirudisha jimbo 2024 kupitia Jonathan Brash.

SWALI: Mbunge wa Uingereza hujiuzulu vipi?

JIBU: Kisheria hawezi! Huomba cheo cha jina tu cha Mfalme, mfano usimamizi wa Chiltern Hundreds, kinachomwondolea sifa ya ubunge. Kisha hutolewa hati ya kuitisha uchaguzi mdogo. Mgombea huhitaji saini 10 za wapiga kura wa jimbo na dhamana ya pauni 500; asipopata zaidi ya asilimia 5 ya kura, harudishiwi dhamana hiyo.