Rehema kazini haifuti deni

Ndugu mleta mada, umeuliza Mkristo mwenye madaraka atamhurumiaje aliyekosa bila kuipindisha haki. Nimekaa kamati ya nidhamu miaka mingi, na swali hilo limeninyima usingizi mara nyingi.

Mtunza fedha wetu mmoja alichukua pesa za ofisi. Ushahidi ulikuwa wazi, naye hakubisha. Wajumbe wengine walitaka barua yake isomwe mbele ya wafanyakazi wote, iwe fundisho. Nikakataa. Alipe yote, na fedha asishike tena, hayo niliyaunga mkono. Lakini kumuaibisha mbele ya vijana aliowafundisha kazi kungemfaa nani? Tulimwita ndani, mlango ukafungwa, akapewa kiti. (Kiti si jambo dogo, mtu anayesomewa makosa akiwa amesimama huondoka na uchungu mwingine kabisa.) Alisaini mkono ukimtetemeka, tukapanga akatwe kidogo kidogo ili wanawe wasikose ada.

Papa Yohane Paulo II alipigwa risasi Mei 1981, akamsamehe mpigaji, Mehmet Ali Ağca, siku chache baadaye, na Desemba 1983 akamfuata gerezani wakaongea ana kwa ana. Hata hivyo Ağca aliendelea na kifungo. Italia ilimpa msamaha mwaka 2000.

Nyumbani ndiko kugumu zaidi, maana huko anayekukosea anajua panapokuuma. Katika Mathayo 18 mtumwa aliyesamehewa deni la talanta 10,000, fedha nyingi mno, anamkaba mwenzake kwa dinari 100. Wengi huhubiri kana kwamba dinari 100 ni vijisenti. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa kutwa! Yesu anajua kwamba ulichofanyiwa na ndugu yako ni kikubwa, na bado anakuagiza umsamehe.

Na kwa mambo ya umma, soma Walawi 19: mwenye shamba asivune mpaka pembeni, amwachie maskini na mgeni. Hiyo ilikuwa sheria, maskini hakusubiri tajiri aamke na moyo mwema. Ndiyo maana mimi napima wagombea kwa wanavyowazungumzia wafungwa, wadaiwa na wakimbizi.

Umeuliza pia, je, akirudia? Mwondoe kazini bila kuchelewa, kwani wanaobaki nao wanahitaji kuhurumiwa. Ila barua mpe wewe mwenyewe, usimtume tarishi.