Re: Nimeziba tarehe, bado wateja wanabuku

Salaam, ndugu. Jumamosi umeiandika "Sipo" kwenye Google Calendar, na bado mteja amekubuku upige taarabu harusini siku hiyohiyo. Kwanza fungua hilo tukio uangalie hali yake: tukio la siku nzima huingia lenyewe kama "huru", kwa hivyo ukurasa wa kubuku unakuona uko wazi. Libadilishe liwe la shughuli, hifadhi, kisha jaribu kujibuku mwenyewe.

Jengine ni usiku. Taarabu ikiisha saa nane, kwa hesabu ya simu ishakuwa Jumapili. Ziba hadi saa tisa, usikomee saa sita. Na ukivuka Likoni na kinanda na spika, ongeza saa nzima ya feri. Feri haina miadi.

Asiyelipa arbuni, andika "Jumatano mwisho" kando ya jina lake.