Kila sekta na data yake ya magonjwa ya wanyama: tuanzie kununua mfumo?

SWALI: Dokta salaam. Niko kitengo cha taarifa za magonjwa ya mifugo ngazi ya taifa. Maabara binafsi wana data zao, machinjio wana madaftari yao, wanyamapori wako wizara nyingine kabisa, na wenzetu wa afya ya binadamu tunakutana nao mambo yakishaharibika. Wakubwa wanataka tununue mfumo mmoja mkubwa wa kompyuta kila mtu aingize humo. Ni sahihi kuanzia hapo? Na hawa maabara binafsi wanaobania data tuwafanyeje?

JIBU: Salama ndugu. Hapana, msianzie hapo. Mkiununua leo kabla hamjakubaliana nani anamwambia nani, kitu gani na ndani ya muda gani, mtabaki na dashibodi nzuri (ukurasa wa kompyuta unaoonyesha muhtasari wa data) haina kitu ndani.

Cha kwanza kupeana ni wasiwasi, hata kabla ya majibu ya maabara. Hapa ndo wengi tunakwama, kila sekta inasubiri ithibitishe kwanza ndo iseme. Angalia New York mwaka 1999. Kunguru wanakufa hovyo mjini, hospitali nazo zinapokea watu waliovimba ubongo, upande wa afya ya binadamu wakasema ni virusi vya St. Louis, virusi vya mbu vinavyoshambulia ubongo. Sasa kwenye bustani ya wanyama ya Bronx kulikuwa na daktari wa mifugo anayechunguza mizoga, Tracey McNamara, hiyo habari haikumwingia kabisa, maana virusi vya St. Louis kwa kawaida haviui ndege na yeye flamingo wake wanakufa. Akahangaika na simu na sampuli mpaka ikajulikana ni virusi vya West Nile, navyo vya mbu, ambavyo bara la Amerika vilikuwa havijawahi kuonekana. Mwaka ule walithibitishwa wagonjwa 62 na 7 wakafa. Dalili ilikuwepo kwa ndege, ila wenye ndege na wenye wagonjwa hawakuwa na njia waliyoizoea ya kupeana habari.

Kwa hiyo anzeni na kikao kifupi kila mwezi, watu walewale, na wasiwe wakurugenzi, wawe wale wanaoshika data kwa mikono yao. Kila mmoja aje na kitu alichokiona ambacho hakielewi. Halafu andikeni makubaliano ya dharura, mafupi, ukurasa mmoja unatosha: kondoo na mbuzi wakitupa mimba kwa wingi baada ya mvua kubwa, watu wa afya wapigiwe siku hiyohiyo, kwa sababu inaweza kuwa homa ya Bonde la Ufa na wachinjaji na wanaosaidia mifugo kuzaa ndo wa kwanza kuambukizwa. Mnyama kafa ghafla anatoka damu isiyoganda, mzoga usipasuliwe, hospitali iambiwe kuna uwezekano wa kimeta. Na namba za simu ziwekwe kwa cheo sio kwa jina la mtu, watu wanahamishwa kila leo.

Data sasa. Chukua mstari mmoja wa daftari la machinjio: "ng'ombe, maini yametupwa, 14". Kati ya ng'ombe wangapi waliochinjwa? Haijaandikwa. Wametoka wapi? Limeandikwa jina la mnada, wakati mnadani wamepita tu, walikokulia ni kwingine. Tarehe ni ya kuchinjwa au ya kujaza ripoti? Ukimwaga mistari kama hiyo kwenye mfumo wa mamilioni bado ni mistari ileile. Mkubaliane vitu vichache tu viandikwe sawa kila sekta: aina ya mnyama, eneo alikotoka kwa namba moja ya eneo la kiutawala inayotumiwa na wote, tarehe dalili zilipoanza, wangapi wanaumwa kati ya wangapi. Hiyo hata kwenye eksel inafanyika.

Maabara binafsi hawabanii kwa roho mbaya. Mteja wao ni mfugaji, na mfugaji anaogopa karantini na jina la shamba lake kutangazwa. Uholanzi walipopata homa ya Q, ugonjwa wa bakteria ambao mifugo huambukiza watu, mlipuko uliotoka kwa mbuzi wa maziwa, kati ya 2007 na 2010 waliripotiwa wagonjwa zaidi ya 4,000, na jambo moja lililowasumbua ni usiri wa mashamba, afya ya jamii hawakuambiwa mapema mashamba yaliyoathirika yako wapi. Kwa hiyo tenganisheni. Kwa magonjwa ambayo sheria inataka yatolewe taarifa hakuna mjadala, jina na eneo vinatoka. Kwa mengine waombeni jumla za kila wilaya bila jina la shamba, na ninyi muwarudishie kila mwezi picha ya nchi nzima, mwenye maabara anaitaka sana hiyo kwa sababu inamsaidia kujua apime nini. Anayetoa data miaka miwili bila kurudishiwa chochote ataacha tu, na mimi simlaumu.

Kwa majaribio ningechagua kichaa cha mbwa. Mtu kaumwa na mbwa, nesi anampigia daktari wa mifugo, mbwa anafuatiliwa: akikaa siku 10 yuko mzima, hospitali inaweza kusitisha chanjo zilizobaki, akifa, kichwa kinaenda maabara na jibu linarudi kwa nesi. Kila upande unapata kitu ndani ya wiki mbili. Fanyeni hivyo kwenye wilaya chache, muone simu zinakwama wapi, halafu hao wa kompyuta waitwe wakae na nesi na daktari wa mifugo ndo waanze kuchora mfumo.